Leseni za gemu: nani kasema wewe bado ni ‘mdogo’?

Septemba 12, 2023, watu wanaotengeneza gemu duniani kote waliamka na tangazo moja lililowachanganya. Kampuni ya Unity, ambayo programu yake imetumika kutengeneza Pokémon GO, Among Us na maelfu ya gemu nyingine za simu, ilisema kuanzia Januari 1, 2024 itatoza pesa kila mtu anapopakua na kufungua gemu iliyotengenezwa kwa programu hiyo.

Wala haikuangalia kama mchezaji kanunua kitu. Mtu akiweka gemu yako kwenye simu tu, bili inasoma.

Mwaka mmoja kamili baadaye, Septemba 12, 2024, kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba imeifuta tozo hiyo. Bosi aliyeianzisha alikuwa ameshaondoka zamani.

Wengi waliona mambo yameisha. Ukweli ni kwamba sakata lile lilifichua swali ambalo kijana yeyote anayeandika gemu Dar, Nairobi, Kampala au Bujumbura bado anapaswa kujiuliza: ile programu ninayotumia bure, ni bure mpaka lini, na nani anaamua?

Kwa ufupi

- Leseni nyingi za programu za gemu hazikupimi kwa ujuzi wako. Zinakupima kwa pesa.
- Pesa hizo zinaweza kujumuisha ruzuku uliyopewa, hata kama hujauza kitu.
- Ukifanya kazi ya mteja, mapato ya mteja wako yanaweza kuhesabiwa kama yako.
- Zipo injini za bure kabisa, lakini nazo zina masharti yake.

Injini ni nini, na kwa nini ina mwenyewe?

Hakuna anayetaka kuanza gemu kwa kuandika kila kitu kutoka sifuri: jinsi mpira unavyodunda, jinsi kivuli kinavyoanguka, jinsi kioo cha simu kinavyotambua kidole. Kazi hiyo imeshafanywa na watu na kufungashwa kwenye programu inayoitwa injini ya gemu. Wewe unaleta hadithi, picha, sauti na kanuni za mchezo. Injini inabeba mengine.

Shida ni kwamba ukimaliza gemu, injini haibaki kwenye kompyuta yako. Sehemu yake inasafiri ndani ya gemu mpaka kwenye simu ya mchezaji. Kwa hiyo gemu ni yako, lakini ndani yake kuna kitu cha mtu mwingine, ulichoruhusiwa kukitumia kwa masharti. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Fikiria umejenga nyumba yako kwenye kiwanja cha kupanga. Matofali yako, bati lako, rangi yako. Ardhi ya mtu. Siku mwenye kiwanja akibadili mkataba, huwezi kuikunja nyumba ukaondoka nayo.

‘Huru’ na ‘profesheno’ si vitu vinavyopingana

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Ukisikia mtengenezaji wa kujitegemea, unapata picha ya kijana na laptopu iliyochoka, bando la usiku na ndoto. Ukisikia profesheno, unaona jengo la vioo na wafanyakazi mia tano.

Mambo hayako hivyo. Kujitegemea maana yake ni kwamba hakuna kampuni nyingine inayokuamulia gemu iwe nini na itoke lini. Profesheno ni kwamba hiyo ndiyo kazi inayokulisha. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili.

Eric Barone wa Marekani alitengeneza Stardew Valley peke yake kwa miaka zaidi ya minne: kodi, michoro na muziki. Ilitoka 2016 na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 40. Team Cherry ya Adelaide, Australia, ni kikundi cha watu wachache sana waliotoa Hollow Knight mwaka 2017, kwa injini ya Unity. Upande wa pili, Larian ya Ubelgiji iliyotoa Baldur’s Gate 3 mwaka 2023 ina mamia ya wafanyakazi, na bado ilijichapishia gemu yake yenyewe.

Na kwetu huku kuna Lual Mayen, mwenye asili ya Sudan Kusini, aliyejifunza kutengeneza gemu akiwa kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, kwa laptopu ambayo mama yake alidunduliza miaka mitatu kuinunua. Leo ana studio yake, Junub Games.

Sasa mwulize mwanasheria wa kampuni ya injini yupi kati ya hao ni ‘mdogo’. Hatakuuliza uko na watu wangapi wala umesoma wapi. Atakuuliza swali moja tu: miezi 12 iliyopita umeingiza shilingi ngapi?

Hesabu iliyowasha moto

Turudi 2023. Mpango wa kwanza wa Unity ulikuwa hivi: kama unatumia leseni ya bure, inayoitwa Personal, na gemu yako imeingiza dola 200,000 ndani ya miezi 12, na pia imeshawekwa kwenye vifaa mara 200,000 tangu itoke, basi kila usakinishaji mpya baada ya hapo utalipiwa senti 20 za dola. Kwa nchi zenye uchumi unaoinukia, senti 2.

Senti 20 inaonekana ndogo. Tuipigie hesabu.

Tuseme gemu yako ni ya bure na unaishi kwa matangazo. Umevuka mstari na umeingiza dola 210,000 kwa mwaka. Kila mwezi inapata wachezaji wapya 100,000 kutoka nchi tajiri. Hiyo ni dola 20,000 kwa mwezi, sawa na dola 240,000 kwa mwaka. Yaani unadaiwa zaidi ya ulichoingiza.

Wachezaji wote wangekuwa wa nchi kama zetu, kwa senti 2, bili ingekuwa dola 24,000. Ni zaidi ya asilimia 11 ya mapato yako, kabla hujalipa duka la programu, kodi ya serikali, umeme wala mtu aliyekuchorea wahusika.

Kampuni ilikuwa na jibu: hamia leseni ya kulipia, Pro, ambapo mstari ulikuwa dola milioni 1 na usakinishaji milioni 1. Ni kweli, hiyo ingeokoa wengi. Lakini hapo ndipo unapoona lengo lenyewe: tozo iliwasukuma wadogo waliofanikiwa kidogo waanze kulipa kila mwaka.

Kuna kitu kilichouma zaidi ya hesabu. Tozo ingezigusa hata gemu zilizokwisha kutoka. Mtu aliyetoa gemu 2020 kwa masharti ya 2020 angeamka 2024 akiwa kwenye masharti mapya. Na mwaka 2019, baada ya mzozo mwingine wa masharti, Unity yenyewe ilikuwa imeahidi kwamba ukibaki kwenye toleo la zamani la programu, unaweza kubaki na masharti ya zamani.

Ahadi ilikuwepo. Ikasahaulika. Hasira nyingi zilianzia hapo.

Nani hasa aliwarudisha nyuma?

Ukisoma habari za wakati ule, utaona kelele za wadogo. Waliotengeneza Cult of the Lamb walitania kwamba wataifuta gemu yao Januari 1. Waliotengeneza Among Us walisema huenda wakalazimika kusimamisha maboresho ili kuhamisha gemu kwenye injini nyingine.

Kelele zilisaidia. Lakini kilichogusa mfuko ni kingine: studio kadhaa kubwa za gemu za simu, zikiwemo Voodoo na Azur Games, zilizima matangazo ya Unity ndani ya gemu zao. Unity inapata pesa nyingi kwenye matangazo kuliko watu wanavyodhani. Bomba likafungwa.

Septemba 17 kampuni ikaomba radhi. Septemba 22 ikaja na mpango mpya: leseni ya Personal haitaguswa, gemu za zamani hazitaguswa, na wakubwa watachagua kati ya tozo hiyo na asilimia 2.5 ya mapato. Oktoba 9, mkurugenzi mtendaji John Riccitiello akaondoka. Mwaka uliofuata, chini ya bosi mpya Matthew Bromberg, tozo yote ikafutwa.

Somo hapa si kwamba wadogo walishinda. Wadogo walipiga kelele, wakubwa wakafunga pochi, na vyote viwili vilihitajika. Wewe peke yako, na gemu yako yenye wachezaji 3,000, hungebadilisha hata nukta kwenye mkataba ule.

Mstari wa dola 200,000 na mitego yake miwili

Baada ya tozo kufutwa, Unity ilirudi kwenye mfumo wa zamani wa leseni. Personal ni bure mpaka dola 200,000 kwa miezi 12, mara mbili ya kikomo cha awali. Ukivuka, unanunua Pro, ambayo kuanzia Januari 2025 ilipandishwa kwa asilimia 8 hadi dola 2,200 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ukihesabu dola kwa Sh 2,500 za Tanzania, hiyo ni Sh milioni 5.5. Kwa shilingi 130 za Kenya, ni 286,000. Studio ya watu wanne inazidisha mara nne.

“Mimi dola 200,000 nitazitoa wapi?” utasema. Ngoja kwanza.

*Mtego wa kwanza: ruzuku.* Masharti hayahesabu mauzo peke yake. Yanahesabu na fedha ulizochangiwa au ulizowekezewa. Studio changa inayopata dola 250,000 kutoka kwa mfadhili au mwekezaji, kabla haijauza gemu hata moja, tayari imevuka mstari. Kwenye eneo letu hili si jambo dogo, maana miradi mingi ya gemu za elimu, afya na kilimo inaishi kwa pesa za wafadhili.

*Mtego wa pili: mteja.* Vijana wengi hapa hawaishi kwa kuuza gemu. Wanaishi kwa vibarua: benki inataka gemu ya promosheni, kampuni ya simu inataka kitu cha kuzungusha na kushinda bando, shirika linataka gemu ya kufundisha watoto kunawa mikono. Ukiifanya kazi hiyo kwa Unity, kinachoangaliwa ni mapato ya huyo mteja pia. Wewe umelipwa milioni mbili za kitanzania kwa M-Pesa, lakini kwa macho ya leseni unafanya kazi ya benki yenye mabilioni. Personal haikuhusu tena.

Ni wangapi wanaweka gharama ya leseni kwenye bei wanayompa mteja? Wengi wanataja bei ya siku za kazi tu. Baadaye mteja akileta mwanasheria wake kukagua, au akitaka haki zote za gemu kwa maandishi, anayebaki na kesi ni fundi.

Wengine wanatozaje?

*Unreal*, injini ya kampuni ya Epic Games, haikudai chochote mwanzoni. Gemu yako ikivuka dola milioni 1 za mauzo tangu itoke, unalipa asilimia 5 ya kinachozidi. Angalia neno moja: ni mauzo ghafi, kabla duka halijakata chake. Gemu ikiuza dola milioni 2 kwenye duka la Steam linalokata asilimia 30, mkononi unapata milioni 1.4, lakini asilimia 5 inapigwa kwenye ile milioni ya pili nzima. Ni dola 50,000. Kwa anayeanza, hata hivyo, mstari huu uko mbali sana, na unahesabiwa kwa kila gemu.

*GameMaker*, inayopendwa kwa gemu za pembe mbili, tangu Novemba 2023 ni bure kama hufanyi biashara. Ukitaka kuuza kwenye simu au kompyuta, unalipa mara moja dola 99.99, basi.

*Godot* ni hadithi tofauti. Ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014 chini ya leseni ya MIT. Maana yake: itumie, ibadilishe, uza gemu yako, ingiza dola mia au milioni mia, hakuna atakayekudai. Sharti kubwa ni kuweka maandishi ya hakimiliki ya Godot na leseni yake mahali fulani kwenye gemu, kwa mfano kwenye ukurasa wa shukrani. Na toleo ulilolipakua leo haliwezi kunyang’anywa ruhusa yake kesho.

Ndiyo maana sakata la 2023 liliipa Godot umaarufu mkubwa. Kampuni ya Re-Logic, waliotengeneza Terraria, iliichangia Godot dola 100,000 ingawa yenyewe haiitumii. Mega Crit, walioitengeneza Slay the Spire, walihamia Godot kwa gemu yao ya pili.

Ila tusidanganyane. Godot haina kampuni ya kumpigia simu kitu kikigoma saa nane usiku. Na kupeleka gemu yako PlayStation, Xbox au Nintendo kunahitaji mtu wa tatu, kwa sababu kodi za mashine hizo ni za siri na haziwezi kuwekwa kwenye mradi wa wazi. Kwa wengi wetu tunaolenga Android, hilo halitusumbui.

Si injini tu

Gemu moja ina leseni nyingi kama pilau lenye viungo. Injini ni mchele. Kuna picha, sauti, muziki, hata aina za herufi.

Programu ya kuchorea ‘iliyokrakiwa’ uliyopewa kwenye flashi chuoni inaweza kukukosti siku gemu ikipata mnunuzi. Leseni ya mwanafunzi nayo mara nyingi inakataza kutengeneza bidhaa ya kuuza. Wakati huo huo, Blender, Krita na Audacity ni bure kihalali, na unachotengeneza nazo ni chako.

Ukichukua sauti au picha za bure mtandaoni, soma herufi zake. CC0 ina maana tumia utakavyo. CC BY ina maana mtaje mwenyewe. Ukiona NC, ina maana biashara hapana. Na gemu yenye matangazo ni biashara, hata kama mchezaji halipi senti. Wimbo wa Bongo Fleva unaopigwa kila daladala? Una wenyewe. Omba ruhusa kwa maandishi.

Kumbuka hili linafanya kazi na upande wako. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zinalinda programu za kompyuta pia. Kodi uliyoandika usiku wa manane mara nyingi ni mali yako, ila inaweza kuwa ya mtu mwingine, kwa mfano ukiisaini kwake kwenye mkataba ambao hukuusoma.

Ufanye nini leo?

1. Pakua na uhifadhi masharti ya injini yako, ya toleo unalotumia, pamoja na tarehe. Kampuni ikibadili ukurasa, wewe una nakala.

2. Fungua faili moja ya orodha: kila picha, sauti na programu uliyotumia, umeitoa wapi, leseni gani. Dakika mbili kwa kila kitu sasa, au wiki nzima ya kukimbizana baadaye.

3. Kabla hujampa mteja bei, uliza leseni inamhusu nani. Andika kwenye mkataba nani ananunua, na gemu ikiisha inakuwa ya nani.

4. Ukiomba ruzuku, weka leseni kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya ofisi.

5. Jifunze injini ya pili, hata kidogo. Si lazima uhame. Lakini anayejua njia moja tu ya kutoka nyumbani, siku ikifungwa analala ndani.

Kwa hiyo, Unity ni adui?

Hapana. Ina masomo mengi ya bure mtandaoni, inafanya kazi vizuri kwenye Android, na kwa aliye chini ya mstari bado haitozi kitu. Kampuni inayotengeneza programu nzuri ina haki ya kulipwa. Watu wengi waliokasirika 2023 walikuwa wanalipa tayari, na hawakukataa kulipa. Walikataa kubadilishiwa bei baada ya kuwa wameshajenga.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwenye gemu, karibu wote tunavaa za kuazima: injini ya mtu, duka la mtu, hata simu anayochezea mteja ni mfumo wa mtu. Hatuwezi kushona kila kitu wenyewe. Tunachoweza ni kujua ipi ni ya kuazima, mwenyewe ni nani, na aliandika nini siku aliyotupa.

Maana tozo ya 2023 imefutwa, lakini kile kipengele kinachomruhusu mwenye programu kubadili masharti yake bado kipo kwenye mikataba mingi tunayobofya “Nakubali” bila kusoma. Usiku wa leo, kabla hujafungua mradi wako, kitafute.